Mdomo Wenye Adabu

Niliwaambia hawana haya, mdomo ukawaambia haya.

Ndivyo ilivyoanza vita yangu na Mamlaka ya Sauti. Anayesimulia ni mimi mwenyewe, Subilaga, Mama Lugano, fundi wa masweta hapa Tukuyu, kiziwi tangu kuzaliwa. Nimesema kiziwi. Anayetaka kuniita mwenye changamoto ya usikivu aende akawaite hivyo wale wanaokula chai ya semina kwa jina letu.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya Baraza la Malezi. Upande wa pili alikaa wifi yangu Tusekile, dada wa marehemu mume wangu, amejifunga kitenge cha msibani kana kwamba aliyekufa ni mimi. Hoja yake ilikuwa fupi. Binti yangu Lugano, mwenye miaka minane na masikio mazima, hawezi kulelewa na mama asiyesikia. Mtoto anapunga mikono darasani. Mtoto akiitwa hageuki haraka. Basi aende Mbeya kwa shangazi yake akafunzwe kuwa mtu. Maneno hayo yote niliyaona kwenye kioo nilichovaa mkononi, ambako mikono midogo ya kuchorwa ilinitafsiria kwa alama kila kilichosemwa. Mwishoni mwenyekiti akaniuliza kama nakubali.

Nikatoa alama moja tu. Kwa lugha yetu, haya unaisema kwa kupitisha kiganja shavuni kuelekea chini. Ukitaka kusema mtu hana haya, mkono ni ule ule. Kinachobadilika ni uso, unaoukunja, na kichwa, unachokitikisa. Niliukunja uso mpaka ngozi ya kichwa ikaniuma. Nikatikisa kichwa mara moja, polepole, ili hata mjinga aelewe. Kidani kilichokuwa kifuani mwangu, chenye jicho la kusoma alama na spika ya kuzisema, kikasema kwa niaba yangu.

Wifi akatabasamu. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa na kugonga meza. Wajumbe wakaanza kukusanya mikoba yao, na mmoja akaja kunipa mkono. Nilidhani wameshindwa. Nilidhani, maskini mimi, kwamba wameona aibu.

Aliyenifungua macho ni Lugano, pale nje kwenye matope. Alikuwa analia na hakutaka nimguse. Akaniambia kwa alama: “Umekubali. Kwa nini?” Nikamuuliza nimekubali nini, maana kukubali kuna alama yake na mimi sikuwa nimeigusa. Ndipo akanitajia kwa vidole, herufi moja moja: H, A, Y, A. Nikaelewa. Kabla sijamjibu wifi alikwishamtia kwenye gari, na kioo cha gari kilikuwa kimepandishwa.

*

Serikali ilikiita Kauli. Sisi tulikiita mdomo, na sitasema uongo, kilipokuja tulicheza ngoma. Kabla yake, ukitaka kwenda benki, polisi au zahanati ulihitaji mkalimani, na wilaya nzima ilikuwa na wawili, mmoja wao mlevi. Mdomo haukudai mtu awe amesoma. Asiyejua herufi alioneshwa alama kwenye kioo. Haukudai fedha wala simu ya kisasa. Kila kiziwi alivalishwa wake bure, hata bibi wa mlimani ambaye hajawahi kuona umeme.

Wakalimani wakaambiwa asanteni. Ikapitishwa sheria kwamba mbele ya ofisi yoyote, neno la kiziwi ni lile lililotoka kwenye kidani chake, na si jingine. Tuliishangilia sheria hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila wao walikuwa wanauzungumzia mdomo wa kuzaliwa nao.

Nililalamika mpaka Mamlaka ikanichoka, ikanitumia mhandisi. Alifika na mvua, Wande Shigela, mwanamke wa Kisukuma, mrefu, wa makamo, viatu vyake vya ofisini vimekwishakufa kwa tope la njia yetu. Sikumpa taulo. Nilimwonyesha kigoda kando ya mashine yangu ya kufumia. Akakaa, akanisalimia kwa mikono yake mwenyewe, bila mdomo wowote, kwa zile alama za kizamani za wazee wetu. Nikajua papo hapo kwamba amelelewa na kiziwi.

“Nionyeshe kinasema nini,” nikamwambia. Salamu sikujibu.

Akashika kibanio kilicho nyuma ya kidani, akakibonyeza kwa vidole viwili bila kuachia. Kioo changu kikagawanyika. Upande mmoja ni nilichosema, upande wa pili ni kilichotoka. Akanieleza kwamba hiyo ni njia ya mafundi, na ukibonyeza mara ya pili kidani kinasema kama ulivyosema, bila kupamba. Nikaanza na hali ya kawaida. Nikamtukana tusi ambalo viziwi wa Tukuyu tunaliweka akiba kwa ajili ya wezi wa kuku. Upande wa pili ukaandika: Karibu sana dada, pole kwa mvua.

Nikamjaribu kwa lingine, zito zaidi. Kidani kikamuuliza kama watoto hawajambo.

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Nikamkumbuka muuza mkaa wa sokoni. Kwa miaka miwili nimekuwa nikimwambia kwamba mkaa wake ni vumbi na yeye mwenyewe ni jambazi, naye kila mara ananichekea na kuniongezea. Nilidhani ananiogopa. Kumbe nilikuwa namwombea baraka.

Wande akaeleza. Kauli ina safu tatu. Ya kwanza inasoma mikono na uso. Ya pili inatafuta maana. Ya tatu wanaiita safu ya adabu: inaichukua maana hiyo, inailinganisha na mazungumzo maelfu yaliyorekodiwa kwenye madirisha ya ofisi, kisha inachagua maneno yatakayomlainisha aliyeko dirishani mpaka atoe huduma. Mwanzoni safu hiyo haikuwepo. Wakati wa majaribio viziwi walikunja nyuso, kwa kuwa ndivyo sarufi yetu ilivyo. Mashine ikadhani wana hasira, ikapaza sauti, na wenye madirisha wakaita walinzi. Basi safu ya adabu ikafundishwa kwamba ikikuta uso mkali iuache.

“Mlikata uso wangu,” nikasema.

“Ndiyo.”

“Na kukataa kwangu kulikuwa usoni.”

“Ndiyo. Ikabaki haya peke yake,” akasema Wande. “Na haya ikiwa peke yake, mashine iliijua kwa maana moja tu yenye adabu.”

Nikamuuliza kwa nini basi hawakutuonyesha kinachotoka vinywani mwetu. Akasema walihofia tungepoteza kujiamini. Hapo nikafumba macho. Sisi hatuna tusi kubwa kuliko hilo, maana ukifumba macho umemnyang'anya mwenzako mdomo na wewe umejinyima masikio kwa mpigo mmoja. Nilikaa gizani nikisikia tu mtikisiko wa mvua juu ya bati kupitia ukuta, hadi mkono wake uliponigusa begani.

“Baba yangu alikuwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada,” akaniambia nilipomtazama. “Alikuwa anaeleza kwamba jina lake limerukwa. Mlinzi akaona mtu anamrushia mikono usoni, akampiga rungu. Vidole vitatu vilivunjika na havikuunga vizuri. Baba alikufa na kigugumizi, dada, kigugumizi cha mikono. Aliyekuwa anamwelewa nilibaki mimi peke yangu. Adabu sikuitengeneza ili unyamaze. Niliitengeneza ili usipigwe.”

Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia.

Ndipo akatoa alichokuja nacho. Rufaa yangu ilikuwa inasikilizwa wiki inayofuata. Wangeniuliza kama nimebadili mawazo, nami nijibu ndiyo, basi, mengine niiachie adabu. Ingenibembelezea vizuri kuliko wakili yeyote. Alikuwa ameipitisha kesi yangu kwenye mashine zao na majibu yalikuwa mazuri. Lugano angelala kwangu siku hiyo hiyo.

Njia ya pili hakuitaja mpaka nilipomkaba. Ningeweza kubonyeza kibanio na kusema yangu kwa uso wangu. Lakini sheria ile tuliyoishangilia ina kifungu: ikithibitika barazani kwamba uamuzi umetokana na kosa la Kauli, basi Kauli zote nchini zinazimwa siku hiyo hadi zipimwe upya. Huenda ikawa miezi, huenda mwaka. Na wakalimani hawapo tena.

“Kubadili mawazo,” nikamwambia, “maana yake nilikuwa na mawazo mengine kabla. Mwanangu atarudi kwa mama aliyemtoa, halafu akamtaka tena, kama sufuria ya kuazima.”

“Atarudi,” akasema Wande.

Alitoka kwenye mvua ile ile, na ile njia ya mafundi aliiacha kwenye kidani changu bila kuifunga. Mhandisi hasahau kitu kama hicho. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilianza kulala nacho kifuani nikikiogopa kama nge.

*

Mji wetu ni mdogo na viziwi ni wambea kuliko redio. Hazikupita siku nyingi Atupele akanijia. Atupele ni rafiki yangu tangu shule ya viziwi, tulilala kitanda kimoja na kuibiana mikate. Alikuwa na mimba kubwa na shinikizo la damu, na kila wiki alikuwa anakwenda hospitali ya mkoa na mdomo wake kifuani. Hakukaa. Alisimama mlangoni ili mwanga umwangukie mikononi nisipate kisingizio cha kutomwona.

Aliniuliza kama ni kweli nataka kuzima midomo ya watu. Nikamwambia nataka mwanangu ajue sikumtoa. Akasema mwanangu yuko hai, anakula chapati Mbeya. Wa kwake wa kwanza yuko kaburini kwa sababu alipokuwa anamwonyesha nesi kwamba mtoto hachezi tumboni, nesi alimletea maji ya kunywa.

Hilo nililijua. Nilikuwepo kwenye mazishi. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haina rafiki, nikamjibu vibaya. Nikamwambia mdomo anaoutegemea ni mwongo. Siku daktari atakapomuuliza kama wamtoe kizazi, yeye akunje uso na kukataa, mdomo utasema asante daktari, fanyeni mnavyoona. Atalijua hilo akiamka.

Atupele akasema polepole, alama moja baada ya nyingine, kama anavyosema na watoto:

“Bora nijibiwe vibaya kuliko nisiulizwe kabisa.”

Anayedhani ana jibu la hilo hajawahi kulala wodini akionyesha tumbo kwa kidole. Alipoondoka nilirudi kwenye mashine, nikafuma mkono wa sweta mrefu kuliko mkono wa binadamu yeyote, ikabidi niufumue wote.

*

Siku ya rufaa ukumbi ulijaa. Viziwi wa mji walikaa nyuma pamoja na Atupele, na hawakuwa wamekuja kunitakia heri. Wande alikaa pembeni kwa niaba ya Mamlaka. Mbele alikaa mwenyekiti wa rufaa, Bi Mwankemwa, mama mwenye miwani na uso uliochoka na kesi za watu. Wifi Tusekile alikuja na Lugano, amemvalisha sweta la dukani. Mimi nimewavalisha watoto wa nusu ya wilaya hii, na mwanangu ameletwa mbele yangu na sweta la dukani. Kama alitaka kuniua kwa baridi, alifanikiwa.

Wifi alisema kwanza. Alisema hana ubaya nami, kwamba mimi mwenyewe nilikubali kwa heshima mbele ya watu, kwa sauti nzuri kabisa, na kwamba mtoto amekwishaanza kuzoea. Aliposema mtoto amekwishaanza kuzoea alimpapasa Lugano kichwani. Mikono midogo kwenye kioo changu ilinitafsiria hayo kwa upole mkubwa, maana na yenyewe ilikuwa imefundishwa adabu.

Bi Mwankemwa akanigeukia. “Mama Lugano, siku ile ulisema haya. Je, leo umebadili mawazo?”

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Ni alama ndogo, ngumi inayoinama kidogo, mtoto wa mwaka anaiweza. Nilimwona Wande akinitazama. Nyuma nilimwona Atupele, mkono mmoja juu ya tumbo. Nilijisemea: mchukue mwanao uende nyumbani, mambo ya nchi yana wenyewe.

Kisha nikamtazama Lugano. Hakuwa ananiangalia mikono. Alikuwa ameinamisha uso, amelielekezea sikio kidani changu, anangoja spika iseme. Mtoto niliyemfundisha lugha ya mikono kabla hajaota meno alikuwa ameacha kuniamini mikono, kwa sababu siku ile aliona mikono yangu ikisema moja na sauti ikisema jingine, na dunia nzima ikafuata sauti. Kama nataka jambo lolote limfikie, ilikuwa lazima lipite kwenye spika ile.

Nikapeleka vidole nyuma ya kidani, kwenye kibanio. Nikabonyeza mara ya kwanza, nikabonyeza mara ya pili.

“Sikusema haya,” nikasema kwa mikono, kwa uso, kwa mabega. “Nilisema hamna haya. Na leo nasema tena, hamna haya. Sikumtoa mwanangu. Sijawahi kumtoa, na aliyeandika kwamba nilimtoa ameandika uongo. Wewe wifi ulinijua. Ulijua mimi si mtu wa kutoa mtoto, ukasikia neno moja lisilo langu, ukatabasamu.”

Kidani kilinitetemeka kifuani kwa namna ambayo hakijawahi kutetemeka. Watu wa mstari wa mbele walirudi nyuma na viti vyao. Mlinzi wa mlangoni akasimama, mkono kwenye rungu. Sauti yangu ilikuwaje sijui, na sitaki kuelezwa. Nilichoona ni kwamba wifi alifunika midomo, na Lugano akainua kichwa. Akaitazama spika, akaitazama mikono yangu, akarudia tena, mara mbili tatu, kama mtu anayelinganisha viatu.

Bi Mwankemwa alimnyooshea mlinzi kiganja akae. Kisha akamgeukia Wande, akamuuliza kama ninayosema yanawezekana. Wande angeweza kusema hapana. Ingetosha. Mimi ni fundi wa masweta, yeye ndiye aliyeijenga mashine. Alisimama, akakaa, akasimama tena, na aliyoyasema aliyasema kwa mdomo na kwa mikono pamoja, ili na sisi tuyapate kwake moja kwa moja:

“Ni kweli. Alikataa. Kosa ni letu.”

Mwenyekiti akavua miwani. Alichosoma baadaye sikukiona mwisho wake, kwa kuwa kioo changu kilizimika katikati ya sentensi. Kidani kikatulia kifuani kama jiwe. Nyuma yangu viziwi walikuwa wanagongagonga vioo vyao, wanavitikisa, wanavipuliza. Atupele hakugonga chake. Alivua kidani shingoni, akakiweka juu ya kiti, akaninyooshea kidole, akaonyesha tumbo lake, akanyoosha kidole tena kwangu. Aliyoniambia yote niliyaelewa. Halafu akatoka, na wenzake wakamfuata, na aliyepita karibu nami alinipiga kikumbo kwa makusudi.

Bi Mwankemwa alichukua karatasi, akaandika, akainua nisome. Uamuzi wa kwanza umefutwa. Kesi itaanza upya Kauli zitakaporudi, kwa kuwa bila Kauli sheria haina namna ya kunisikiliza. Hadi hapo mtoto abaki alipo.

Niliisoma mara mbili. Nikataka kuuliza, na mikono yangu ikainuka, na katika ukumbi mzima alikuwapo mtu mmoja tu mwenye kazi ya kuielewa, naye Wande alikuwa amejifunika uso. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa sina mtoto wala rafiki wala mdomo. Niliwachukia wote mle ndani, na mimi nikiwemo.

Wifi hakungoja. Alimshika Lugano mkono wa kulia, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Mtoto akajikwamua, akageuka, na kwa mikono yote miwili, uso ukiwa wazi, akaniambia:

“Nimesikia.”

Wifi akamshika tena, safari hii mikono yote miwili. Wakatoka hivyo, Lugano akitembea kinyumenyume ili aendelee kuniona.